Tope la Bahari Linajuaje Baridi?

Tulikuwa barazani Wete, baada ya sala ya magharibi, na mazungumzo yalikuwa ya mafuta. Tangu Zanzibar iliponadi vitalu vya mafuta na gesi vya baharini mwaka 2024, neno "matabaka" limetoka kwa wataalamu likaingia mitaani, na kila mtu analibeba kwa namna yake. Mmoja alisema chini ya Pemba kuna ziwa la mafuta. Mwingine akashikilia kwamba chini hakuna kitu, ni jiwe la matumbawe tu mpaka kwenye moto wa dunia. Mzee mmoja, mvuvi wa mshipi tangu ujana wake, alinyamaza muda mrefu, kisha akanigeukia.

"Mwanangu, wewe unaandika mambo haya. Nimesikia redioni kwamba wataalamu wametazama tope la chini ya bahari, wakajua zamani kulikuwa na baridi. Tope linajuaje baridi?"

Swali lile limenikaa kichwani wiki nzima, kwa sababu ni swali lenyewe hasa. Nilimjibu maneno mawili matatu usiku ule, lakini yalikuwa mafupi mno kwa jambo hili. Naandika hapa jibu lililostahili.

Kwanza maneno

Chota maji ya mto wakati wa masika, yatie kwenye ndoo, yaache usiku kucha. Asubuhi maji yametakata na tope limelala chini. Lile tope ndilo mashapo: kitu chochote kilichotua chini ya maji kikabaki hapo, kiwe mchanga, udongo, vumbi lililobebwa na upepo, majivu ya volkano au maganda ya viumbe.

Tabaka ni mashapo ya kipindi kimoja yaliyolala pamoja kabla ya kufunikwa na mengine. Ni kama mikeka inayotandikwa mmoja juu ya mwenzake. Wa chini ndio uliotangulia, isipokuwa mtu aje aivuruge, na ardhi nayo huvurugika pale inapokunjika au kupasuka.

Mashapo yakirundikana kwa mamia ya mita, ya juu huyakamua maji yaliyo ndani ya yale ya chini. Aliyewahi kuingia ghala la karafuu ameliona hili: gunia la chini kabisa limebanwa, limekuwa gumu, wala halifanani na la juu. Ukiongeza joto la ardhini na mamilioni ya miaka, tope linakuwa jiwe. Hilo ndilo huitwa mwamba wa mashapo.

Na bahari kuu ni ipi? Kati ya Unguja na bara, maji yana kina cha makumi ya mita tu. Kati ya Pemba na bara, kina hufika kama mita 800. Ukitoka mashariki ya visiwa vyetu ukaendelea, sakafu huteremka mpaka kilomita tatu, kilomita nne chini. Mwanga wa jua hauko huko. Chakula hutoka juu, kikidondoka.

Kwa hiyo yule aliyesema chini ni matumbawe tu, amechanganya. Matumbawe yanayojenga miamba yetu huishi na vijimea vidogo ndani ya miili yao, na vijimea hivyo vinataka jua. Kuta za Mji Mkongwe, mawe ya maweni kule Makunduchi na Jambiani, na jiwe tulilokalia barazani siku ile, yote ni mawe ya bahari ya kina kifupi. Yana habari zao, na nitazirudia. Lakini hayakutoka kwenye kiza cha bahari kuu.

Mvua isiyokoma

Katika bahari ya wazi, mbali na mito, mashapo mengi ni maganda. Kuna viumbe wanaoitwa foraminifera, wa seli moja tu, ambao hujijengea ganda la chokaa lenye vyumba vidogo vidogo. Wengi huelea karibu na uso wa bahari, wengine huishi chini kabisa kwenye tope. Anayeelea akifa, ganda lake huzama, na safari ya kilomita nne huchukua siku kadhaa au wiki chache. Hudondoka usiku na mchana, mwaka baada ya mwaka, kama manyunyu yasiyokatika.

Ndugu zao wa kina kifupi unaweza kuwaona mwenyewe. Chukua kiganja cha mchanga wa pwani ya mashariki ya Unguja, Paje au Bwejuu, pale ambapo mchanga ni mweupe. Utandaze kwenye sinia nyeusi, tena uwe mkavu. Shika kioo cha kukuzia na brashi ndogo ya rangi iliyoloweshwa ncha. Mwanzoni utaona vipande vya matumbawe na makombe yaliyosagika. Tulia. Baada ya muda jicho litaanza kuchagua vitu vya duara, vilivyotuna kati na kusinyaa ukingoni, mfano wa punje ya dengu, lakini vya milimita moja hivi na vinang'aa kama vimepakwa mafuta. Brashi yenye maji itamnyanyua mmoja. Mgeuze kwenye mwanga na utaona mistari iliyopinda kutoka katikati kwenda ukingoni: hiyo ni mipaka ya vyumba vyake, alivyoviongeza kimoja kimoja kadiri alivyokua. Huyo ni foraminifera. Jamaa yake huyu wa ufukweni haelei, huishi juu ya majani ya bahari na mawe, lakini ujenzi ni uleule.

Mvua hii ya maganda ni ya polepole sana. Katika bahari ya wazi, tope la maganda huongezeka kwa sentimita moja hadi tano kila miaka 1,000. Pale penye udongo mwekundu tu, kwenye vina vikubwa zaidi, ni kama milimita moja kwa miaka 1,000. Msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Tangu fundi alipoyachonga maneno yale mpaka leo, huko bahari kuu limelala tope la sentimita mbili, pengine nne. Unene wa kidole au vidole viwili kwa zaidi ya miaka 900. Karibu na pwani na midomo ya mito kasi huwa kubwa zaidi, kwa sababu udongo wa nchi kavu unaongezeka.

Ndiyo maana wataalamu wanachimba. Mwaka 1972 meli ya Marekani, Glomar Challenger, ilipita magharibi ya Bahari ya Hindi ikitoboa sakafu yake, na shimo mojawapo lilikuwa mbele ya pwani ya Kenya kwenye maji ya kilomita nne hivi. Bomba hushushwa, hukata mashapo, na hupandisha nguzo nyembamba ya tope ambayo hupasuliwa kwa urefu, nusu ikatumiwa na nusu ikahifadhiwa. Nguzo zilizotolewa Bahari ya Hindi leo zimelala kwenye ghala la baridi mjini Kochi, Japani. Mimi hutamani siku moja mwanafunzi wa skuli ya Pemba azione.

Sasa swali la mzee

Tope lenyewe halikujua baridi. Aliyeijua ni kiumbe aliyejenga ganda, na ganda limeiweka.

Ganda la chokaa lina oksijeni ndani yake, na oksijeni hiyo kiumbe aliitoa kwenye maji ya bahari. Oksijeni si ya uzito mmoja. Nyingi mno ni nyepesi, lakini katika kila chembe 500 hivi, moja ni nzito kidogo. Zote hufanya kazi ileile. Tofauti ni uzito tu. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayosema.

Tazama mama anavyopepeta mchele kwenye ungo. Anarusha vyote pamoja, lakini makapi mepesi ndiyo yanayoondoka. Jua nalo linapopepeta bahari, maji yenye oksijeni nyepesi huruka kirahisi zaidi kuwa mvuke, na mazito hubaki kwa wingi kidogo. Siku za kawaida hili halina athari, kwa sababu mvuke unarudi kama mvua na mito inarejesha deni. Lakini ikiwa dunia imepoa, na mvuke unaangukia nchi za ncha za dunia kama theluji isiyoyeyuka, deni halilipwi. Barafu inarundikana kilomita kwa kilomita, imejaa oksijeni nyepesi, na bahari inabaki na nzito. Foraminifera wanaojenga maganda katika bahari hiyo hawana pengine pa kuchota. Maganda yao yanakuwa mazito.

Kuna jambo la pili linaloingia humohumo. Maji yakiwa ya baridi, ganda lenyewe hushika oksijeni nzito zaidi kuliko lingeshika katika maji ya uvuguvugu. Kwa hiyo ganda zito lina maneno mawili kwa wakati mmoja: barafu imeongezeka, au maji yamepoa, au vyote viwili. Ni kama kupima mchele uliolowa. Mizani inakupa jumla, haikuambii mchele kiasi gani na maji kiasi gani. Inatakiwa mizani ya pili, nayo ipo: magnesi. Ganda linalojengwa kwenye maji ya joto huchukua magnesi nyingi zaidi mahali pa kalsi, madini yanayofanya chokaa. Ukipima magnesi umepata joto la maji, na ukiliondoa joto kwenye hesabu ya oksijeni, kinachobaki ni barafu.

Mtu ana haki ya kuuliza: hizi si hesabu za vyumbani tu? Kwa hili ninatoa ushahidi wa hapahapa kwetu.

Maganda ya bahari kuu kutoka pande zote za dunia yanasema kwamba yapata miaka 20,000 iliyopita barafu ilikuwa nyingi mno, na maji yaliyofungwa humo yalishusha bahari kwa kiasi cha mita 120. Sasa rudi kwenye mkondo wa Unguja, wenye makumi ya mita tu. Ukiishusha bahari mita 120, hakuna mkondo. Unguja ni sehemu ya bara, na mtu anakwenda mguu mmoja mbele ya mwingine mpaka Bagamoyo. Na kule Jambiani, katika Pango la Kuumbi, waakiolojia wamefukua mifupa ya punda milia na wanyama wengine wakubwa wa mbugani, pamoja na dalili za watu walioishi humo enzi hizo. Punda milia hakuletwa Unguja kwa jahazi. Alikuja kwa miguu yake, juu ya ardhi ambayo leo ngalawa zinapita.

Kwa Pemba hesabu ni nyingine. Toa mita 120 kwenye 800, unabaki na bahari. Pemba iliendelea kuwa kisiwa. Ndiyo maana Unguja ilikuwa na chui na Pemba haikuwa naye, na Pemba ina popo wake mkubwa asiyepatikana pengine popote duniani. Mimi kila nikilifikiria hili hustaajabu: chembe ya oksijeni ndani ya ganda lisiloonekana kwa jicho, kilomita nne chini ya maji, na jino la punda milia pangoni Jambiani, havikuwahi kukutana, na bado vinatoa ushahidi mmoja.

Na jiwe la matumbawe? Hilo lina upande wa pili wa habari. Yapata miaka 125,000 iliyopita, barafu ilipokuwa kidogo kuliko leo, bahari ilipanda mita 6 hadi 9 juu ya usawa wa sasa. Matumbawe yaliyoota bahari ilipokuwa juu yalibaki nchi kavu iliposhuka. Mkulima wa maweni anayepanda mihogo kati ya mawe yale yenye ncha kali analima juu ya sakafu ya bahari ya zamani.

Tope la Kilwa lililosahihisha wataalamu

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ni habari ya pwani yetu na wengi hawajaisikia.

Kwa miaka mingi maganda ya bahari kuu yalitoa jibu la ajabu. Yalionesha kwamba enzi ya Eosini, kati ya miaka milioni 56 na milioni 34 iliyopita, nchi za ncha za dunia zilikuwa na joto, hata misitu ilimea huko, lakini bahari za ikweta eti zilikuwa za baridi kuliko leo. Wataalamu wa hali ya hewa walihangaika nalo. Itakuwaje dunia nzima ipate joto, halafu ikweta ipoe?

Kosa lilikuwa kwenye maganda. Tope la maganda matupu lina vinyweleo vingi, maji yanapita. Ganda lililojengwa juu kwenye joto linapolala chini kwenye baridi kwa mamilioni ya miaka, linayeyuka kidogo na kujijenga upya polepole, safari hii kwa maji ya baridi ya chini. Sura inabaki ileile, ila ndani yake habari imeandikwa upya. Ukilitazama kwa darubini, ganda la namna hiyo ni jeupe kama limepakwa chokaa. Ganda lililosalimika linapitisha mwanga kama kioo.

Maganda ya kioo yalipatikana Kilwa na Lindi. Huko kuna mashapo ya udongo mfinyanzi yaliyotua zamani kwenye bahari ya kina cha mamia ya mita. Si kilomita nne, lakini ilikuwa bahari ya wazi yenye foraminifera wa kuelea. Baadaye pwani ikainuka na mashapo yale yakawa nchi kavu. Anayejua kinamo anajua kwamba udongo ule ukishiba haupitishi maji, mvua inasimama juu yake. Udongo wa Kilwa ulifanya hivyohivyo: ulilifunga kila ganda peke yake, maji yasilifikie. Mwaka 2001 mtaalamu Paul Pearson na wenzake, akiwemo Joyce Singano wa Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, walitangaza vipimo vya maganda hayo pamoja na mengine yaliyosalimika vivyo hivyo. Ikweta haikuwa ya baridi. Maji ya juu yalikuwa na joto la kama la leo au zaidi, na vipimo vya baadaye kutoka Tanzania vikaonesha nyuzi 30 na kuendelea katika sehemu kubwa ya Eosini.

Baada ya hapo ukafanyika uchimbaji wa miaka kadhaa. Matabaka yale leo yanajulikana duniani kwa majina ya vijiji vyetu: Nangurukuru, Kivinje, Masoko, Pande. Katika visima vya Kilwa ilipatikana pia nguzo inayopita mwisho wa Eosini, miaka milioni 33.9 iliyopita, wakati Antaktika ilipokuwa inajifunika barafu. Kuna foraminifera anaitwa Hantkenina, ganda lake lina mwiba mrefu kwenye kila chumba, huwezi kumchanganya na mwingine. Ukipanda na nguzo ile kutoka chini kwenda juu, Hantkenina yupo, yupo, yupo, halafu hayupo tena mpaka leo. Kutoweka kwake ndiko kunakotumika duniani kote kutia alama mwisho wa enzi ile. Na oksijeni katika maganda ya nguzo hiyohiyo inaonesha bahari ikibadilika kuelekea dunia ya barafu.

Rangi zina maana

Oksijeni na magnesi zinataka maabara. Rangi inataka macho tu, ingawa pia inadanganya asiyejua.

Nyeupe ni maganda ya chokaa. Lakini chokaa haifiki kila mahali. Kamua ndimu juu ya kipande cha kombe uone mapovu: asidi inakula chokaa. Maji ya chini kabisa ya bahari, kwa baridi yake, kwa kanieneo, yaani mgandamizo wa maji yaliyo juu yake, na kwa hewa ya kaboni iliyoyeyuka humo, nayo hula chokaa. Ukishuka kilomita nne na nusu hadi tano, maganda yanayeyuka kwa kasi ileile yanayodondoka, na chini ya hapo unabaki udongo mwekundu. Ni kama Kilimanjaro chini ya maji: vilele vina weupe, mabonde hayana, na kuna mstari kati yake.

Mstari huo hupanda na kushuka. Miaka milioni 56 iliyopita kaboni nyingi iliingia hewani na baharini kwa muda mfupi kwa hesabu za miamba. Dunia ikaongezeka joto nyuzi 5 hadi 6. Mwaka 2003 wachimbaji walipandisha nguzo kutoka sakafu ya Atlantiki mbele ya Namibia, na tukio lile lilionekana bila ya darubini: tope jeupe, jeupe, kisha ghafla jekundu la udongo, kisha polepole jeupe tena. Bahari ilikuwa imepata asidi kiasi cha kula chokaa hata kwenye vina ambavyo kwa kawaida ni salama. Kurejea hali yake kulichukua zaidi ya miaka 100,000. Matope ya kusini ya Tanzania nayo yameshika alama ya tukio hilo.

Nyeusi ndiyo inayowachanganya watu. Nenda kwenye mikoko ya Chwaka maji yakipwa, zamisha mguu kwenye tope. Juu ni kahawia, chini kidogo ni nyeusi, na harufu ya yai viza inapanda. Pale hakuna oksijeni. Majani yaliyokufa hayaozi yakaisha, yanabaki. Yapata miaka milioni 94 iliyopita sehemu kubwa za bahari zilikosa oksijeni namna hiyo, na karibu na mji wa Gubbio, Italia, kati ya mawe meupe kuna tabaka jeusi la unene wa mita moja hivi linalolishuhudia jambo hilo. Mawe ya namna hii mara nyingi yana mistari myembamba kama kurasa, kwa sababu hapakuwa na minyoo wala kaa wa kulichimbua tope.

Hapa sasa ndipo mafuta yanapoingia. Tabaka jeusi si mafuta. Ni kama nazi isiyokunwa. Lazima lizikwe kwa kina cha kilomita mbili au zaidi, lipate joto la kutosha kwa mamilioni ya miaka, na mafuta yakitoka yapate mwamba wenye vinyweleo wa kuyapokea na udongo wa kuyaziba yasipotee. Wala hayakai kama ziwa. Yamo katikati ya chembe za mchanga, kama maji unayoyakuta ukifukua ufukweni. Katika miaka ya 1950 kilichimbwa kisima Unguja, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 kingine Pemba, vyote vya zaidi ya kilomita tatu, na havikuleta biashara. Kuona matabaka kwa mawimbi ya sauti kutoka kwenye meli kunakupa umbo lake. Hakukupi yaliyomo.

Jambo moja zaidi ambalo hata waandishi wenzangu hukosea: tabaka nene halimaanishi muda mrefu. Mteremko wa chini ya bahari ukiporomoka, maji yaliyojaa mchanga hushuka kama farasi. Mwaka 1929, baada ya tetemeko karibu na Newfoundland, mporomoko wa namna hiyo ulikata nyaya za telegrafu za chini ya bahari mmoja baada ya mwingine, na saa za kukatika kwake ndizo zilizowasaidia wataalamu baadaye kujua kasi yake. Mporomoko ukitulia, huacha mchanga mnene chini na udongo laini juu, kama ile ndoo ya maji ya masika. Mita nzima kwa siku moja, na juu yake sentimita mbili za maganda kwa miaka 1,000. Anayepima kwa rula pekee atapotea.

Umri basi hupimwa kwa njia kadhaa zinazokaguana. Majivu ya volkano yana madini yanayobadilika kwa kasi inayojulikana. Viumbe kama Hantkenina wana mwanzo na mwisho wao. Na chembe za chuma ndani ya tope hulala zikielekea kaskazini kama sindano ya dira, ila usumaku wa dunia umewahi kugeuka mara nyingi. Kabla kidogo ya miaka 780,000 hivi iliyopita, dira yako ingeelekea kusini. Mageuzi hayo yamo kwenye matabaka ya bahari zote, kwa mpangilio mmoja.

Juzi nilirudi Wete na sinia yangu nyeusi, kioo na mchanga wa Paje kwenye chupa. Mzee aliinama juu yake kwenye mwanga wa asubuhi. Alichukua muda kumpata wa kwanza. Alipompata hakusema kitu, alimgeuza kwa brashi mara tatu nne, kisha akaomba ndimu. Tulidondoshea tone juu ya mchanga, tukaona mapovu madogo yakitoka.

"Sisi chubwi tukilishusha ukingoni mwa mkondo," alisema, bado ameinama, "likipanda linakuja na tope la kijivu, laini kama unga. Miaka yote hii nalisuuza."

Akaniuliza nitakuwepo Wete mpaka lini. Nikamwambia mpaka Ijumaa. Alhamisi alfajiri alikuja na kopo la maziwa lililofungwa kwa mfuko wa plastiki, na ndani yake kulikuwa na tope, robo ya kopo.